Nyuma ya Risiti za Umeme

Usiku wa kuamkia kurekodi tulikaa jikoni, Wadi Kabir,
kiyoyozi kikikoroma kama mgeni asiyealikwa,
na mimi, mtoto wa dada yake, nimeshika karatasi:
nilikuwa daktari, nilikuwa mkwe, nilikuwa polisi,
siku moja nilikuwa ngamia.
Yeye alikuwa na mistari minne, mara nyengine mitatu,
Kiarabu amekiandika kwa herufi za skuli ya Unguja
nyuma ya risiti za umeme.
"Soma tena," akisema. "Unakimbilia wapi? Wewe ngamia."

Alianza nyuma ya pazia, klabu moja ya Matrah,
viti vimeazimwa kwa watu wa harusi.
Kazi yake ilikuwa kugonga mlango.
Usiku wa kwanza Bi Ghanima aligonga kama mtu anayedaiwa,
wa pili akagonga kama mtu anayedai,
mwongozaji akauliza: nani yule?

Wakamtoa mbele, wakamsikiliza.
"Kiarabu chako," mwongozaji alisema, "kina tui."
Akacheka, na watu wakacheka, na yeye akacheka.
Usiku ule hakula.

Wakampa bubu.
Bibi bubu, jirani bubu, mpishi asiyeulizwa jambo.
"Bubu ndiye anayesikiliza," aliniambia,
"na kamera humpenda anayesikiliza."
Akajifunza kumenya thomu kwa hasira,
kwa huruma, kwa siri;
kidole gumba chake kilisema mengi kuliko shujaa wa tamthilia.

Baadaye lafudhi ilizoeleka, au masikio yalichoka,
akawa mama mkwe wa nchi nzima.
Nimehesabu: kafa mara kumi na saba,
tatu kwa sukari, moja kwa kisima.
Kaachwa mara tisa. Mbele ya kamera hakuolewa hata mara moja.
Na huku nje, baada ya yule wa kwanza, pia hakuolewa.
Hilo sikuuliza.

Khuwair, Ramadhani, mbele ya mafriji ya maziwa,
mwanamke alimzibia njia kwa kigari:
"Yule msichana alikukosea nini,
hata umtoe mvuani na mtoto mchanga?"
"Mwanangu, ile mvua ilikuwa ya mpira wa bustani,
na msichana nilimrudisha kwao kwa gari yangu."
Mwanamke hakuridhika.
Bi Ghanima alitembea na furaha ile wiki nzima.

Halafu mwaka wa mwisho. Bibi mgonjwa, hospitali.
Kwenye karatasi, ndani ya mabano:
*anasema maneno yasiyoeleweka.*
Hivyo tu. Jikoni sikuwa na cha kusoma.
"Yasiyoeleweka na nani?" aliuliza,
akazima taa, akaenda kulala.

Studio: kitanda cha kukodi, dripu ya maji ya bomba.
Akafumbua macho, akamwita mama yake.
"Mama, nimerudi na chenji. Muuza maandazi hakuwepo.
Nikapita kwa Bi Mize, kanipa kilua nikuletee,
kimenyauka njiani, usinigombe..."
Dakika nne, Kiswahili cha uchochoroni,
hakuna aliyethubutu kumwambia basi.
Fundi wa sauti, Mbulushi wa Sib, asiyejua hata neno,
alikaa ameshika kifua.
Mwongozaji alitoka nje kuvuta sigara
na hakuiwasha.

Iliporushwa zilibaki sekunde tisa.
*Mama, nimerudi na chenji.* Kisha fidla.
Lakini simu, jamani! Barka, Hamriya, hata Nizwa,
wanawake niliowajua kwa Kiarabu tu maisha yangu yote:
"Umemsikia? Kasema chenji!"
Yeye alikuwa anakunja nguo.
"Wamenikata kabla ya kilua," alisema.

Risiti zake nimezikuta kwenye boksi la viatu.
Ya mwezi ule haina kitu nyuma.
Mbele: umeme, riali kumi na moja, baisa mia mbili.
Imelipwa.